Maji Chini, Dizeli Juu

Lori linalobeba mizigo kutoka Mombasa kwenda Malaba hujazwa dizeli leo, na kesho kutwa limeshaichoma yote. Mafuta hayapati nafasi ya kutuama. Boti ya matanga haina pupa hiyo. Mashine yake huwashwa wakati wa kuondoka gatini, ikazimwa tanga likishashika upepo, kisha ikawashwa tena jioni wakati wa kutafuta pa kutia nanga. Dizeli iliyomiminwa tangini wakati wa kaskazi, kusi huenda ikaikuta imo humo humo, imezeeka, imeota utando, na maji yamejikusanya chini yake. Kwa hiyo filta ya dizeli ya boti ya matanga, hata kama imetoka kiwanda kimoja na ile ya lori, ina kazi nzito kuliko udogo wa mashine unavyoonyesha. Inabeba uchafu wa miezi yote ambayo mafuta yamekaa.

Pwani yetu ina sifa kwa mafundi wake wa vyombo. Anayeunga mataruma ya jahazi kule Lamu anasifiwa, anayetia kalafati anasifiwa, anayeshona tanga anasifiwa, na wote wanastahiki. Lakini yule anayejikunja kwenye shimo la mashine, mikono inanuka dizeli, tochi ameibana kwa meno, hupewa ujira wake na kusahauliwa. Nimewatazama mafundi wa namna hiyo wakiwa kazini, Mtwapa na Kilifi, na ninaamini kazi yao ina adabu na elimu sawa na ya hao wenzao. Kubadilisha filta ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu atajifunza kwa asubuhi moja. Kuisoma filta ndiko kunakohitaji miaka.

Manahodha wengi watakwambia kwamba mashine ina ukorofi wa kuzima pale pale inapohitajika, na wengine hulihesabu jambo hilo kuwa mkosi. Fundi hakubali. Bahari ikiwa shwari, tope na maji hulala chini ya tangi, na mrija wa kuvutia mafuta, ambao kwa kawaida huishia vidole viwili hivi juu ya sakafu ya tangi, huvuta dizeli safi iliyo juu. Bahari ikichafuka, chombo kikaanza kupanda na kushuka, tope lote huamka. Na ni lini nahodha huteremsha tanga na kutegemea mashine? Ni pale anapoingia kwenye mlango wa mwamba, mawimbi ya kusi yanapovunjika kulia na kushoto, kama pale mdomoni mwa hori ya Kilifi. Mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini nao, wakati wa kusi kali, huweza kufika hata maili 4 za bahari kwa saa, na aliyekosa mlango ataona tabu kuurudia. Basi tope huamka saa ile ile mashine inapohitajika, na vyote viwili vimeletwa na wimbi moja. Mkosi haumo. Mtu aliyelifahamu hilo hataiangalia tena filta yake kwa jicho lile la zamani.

Zamani mashine ya dizeli haikuwa na deko kiasi hiki. Ile ya Rudolf Diesel iliyofaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897 ilipulizia mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa, na kompresa yake ilikuwa kubwa na nzito. Mwaka 1927 Robert Bosch alianza kuuza pampu ya kusukuma dizeli yenyewe hadi kwenye nozeli, na hapo njia ya mashine ndogo ikafunguka. Yanmar ya Japani ikatoa dizeli yake ndogo mwaka 1933. Lakini pampu ile ilikuja na sharti lake. Ndani yake kuna pistoni ndogo ndani ya silinda ndogo, na nafasi iliyopo kati ya hizo mbili ni maikroni 2 hadi 4 hivi. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 au karibu na hapo. Punje ya mchanga isiyoonekana kwa macho ikiingia humo hukwaruza chuma, na pampu iliyokwaruzwa haiponi kwa kusafishwa.

Maji yana ubaya wa aina nyingine. Pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, haina mafuta mengine. Maji yakipita badala ya dizeli, chuma husugua chuma. Yakilala humo wiki mbili, huleta kutu. Na tone likifika kwenye ncha ya nozeli iliyopata moto wa silinda, hugeuka mvuke kwa ghafla na huweza kuipasua ncha hiyo. Wenye mashine za kisasa zenye shinikizo la baa 1,600 na zaidi wana hofu kubwa kuliko wenye mashine za zamani ambazo nozeli zake hufunguka kwenye baa 170 au 200, lakini adui ni yule yule.

Ndiyo maana dizeli huchujwa mara mbili. Ikitoka tangini hupita kwanza kwenye filta kubwa yenye kikombe cha kuonea, ambayo mafundi huiita separeta. Kisha pampu ndogo iliyo ubavuni mwa mashine huisukuma hadi filta ya pili, iliyofungwa kwenye mashine yenyewe, ndipo iingie kwenye injekta pampu, yaani ile pampu ya kusukuma dizeli hadi kwenye nozeli.

Separeta ni kifaa ambacho sichoki kukitazama. Dizeli inapoingia hupitishwa kwenye mapezi madogo yanayoizungusha, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, matone makubwa na punje nzito hutupwa pembeni na kuteremka kikombeni. Matone madogo yanayosalia hukutana na mfuniko wenye umbo la koni, yakashikana humo hadi yakawa mazito, nayo yakaanguka. Ndipo dizeli ipande kwenye elementi, yaani karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, iliyotiwa dawa ya kuyakataa maji. Hakuna umeme na hakuna kinachozunguka isipokuwa mafuta yenyewe. Yote hayo hutendeka kwa sababu lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi na lita ya maji ina 1,000, na ya maji ya bahari zaidi kidogo. Maji chini, dizeli juu. Aliyebuni kifaa hiki aliiachia tofauti hiyo ndogo ya uzito ifanye kazi, akaitengenezea njia tu.

Katika kuchagua, mtu wa kwanza kukutana naye ni muuza duka, na muuza duka hukuuliza swali moja: mashine yako ni ya nguvu gani? Swali hilo halitoshi. Mashine ya kilowati 20, ambayo ni saizi ya kawaida kwenye boti ya futi 35 hadi 38, huchoma lita 6 hivi kwa saa ikikazwa hadi mwisho, na nusu ya hapo ikienda kwa starehe. Separeta ya Racor namba 500, inayoonekana kwenye boti nyingi za aina hiyo, imepimwa kupitisha lita 227 kwa saa. Kwa hesabu ya duka huo ni ufujaji. Kwa hesabu ya bahari ni busara, kwa sababu karatasi pana huchukua muda mrefu kuziba, na usiku ule tope litakapoamka, upana huo ndio utakaomvusha nahodha hadi ndani ya hori. Kuna kasoro moja ya kukubali: mafuta yakipita polepole mno kwenye kifaa kikubwa, huzunguka kivivu na maji hayatupwi pembeni kwa nguvu. Hata hivyo nikilazimika kukosea, heri nikosee kwenye ukubwa.

Kisha huja mabishano ya maikroni, na hapa mafundi wawili wazuri wanaweza kukesha. Elementi za Racor hutambulika kwa rangi ya vifuniko vyake: kahawia ni maikroni 2, buluu ni 10, nyekundu ni 30. Wapo wanaoweka kahawia kwenye separeta. Hoja yao ni kwamba separeta iko mahali pa wazi, hubadilishwa haraka, kwa hiyo na ikamate kila kitu, ili ile filta ya pili iliyofichwa nyuma ya mashine isiguswe mwaka mzima. Hoja hiyo ina uzito. Wengine husema kazi igawanywe: nyekundu au buluu mbele, na chujio laini nyuma, ili kila moja ipate fungu lake la uchafu na isizibe kwa mkupuo. Fundi mmoja wa Kilifi, ambaye ameshafungua vikombe vya boti za kutoka pande nyingi za dunia, huweka buluu, na akiwa na shaka na mafuta huweka nyekundu kwa safari ya kwanza ili aone kitakachotoka. Nami niko upande wake. Karatasi ya maikroni 2 iliyowekwa mbele ya tangi chafu ni mlango unaofungwa wakati watu bado wako nje.

Namba hiyo yenyewe isiaminiwe kwa macho tu. Filta mbili zote zimeandikwa 10, moja ikazuia nusu tu ya punje za ukubwa huo, nyingine ikazuia karibu zote. Wapimaji wana kipimo chao wanachokiita beta: ikiingia punje 75 ikatoka 1, hiyo ni beta 75, sawa na kuzuia asilimia 98.7, zikiingia 2 ikatoka 1, hiyo ni beta 2, yaani nusu imepita. Ile ya bei nafuu isiyotaja kipimo chochote kwenye boksi imeshakwambia inachotaka kukwambia. Bandia nazo zimejaa. Fundi huishika elementi mkononi, huitazama mikunjo kama imelingana, hupitisha kidole pale gundi inapokutana na kifuniko cha juu na cha chini. Akiona mwanya, huirudisha. Karatasi iwe nzuri namna gani, mafuta yatapita pale gundi ilipokosekana.

Mambo mawili zaidi ya kununuliwa, na nitayapitia haraka. Kikombe cha plastiki ndani ya chumba cha mashine kinahitaji kinga ya chuma chini yake. Kanuni za Marekani zinataka vifaa vya mafuta vivumilie moto kwa dakika 2 na nusu, na ni muda huo ndio utakaompa mtu nafasi ya kufunga koki na kushika kizimamoto. Pili, wenye uwezo hufunga separeta mbili sambamba na koki ya kuchagulia, ili moja ikiziba wageuze mkono tu na mashine isizime. Ni mpango mzuri mno, na bei yake ni kubwa.

Lakini kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningenunua geji. Geji ya mvuto hufungwa juu ya separeta, upande wa kutokea mafuta, na hupima jinsi pampu inavyohangaika kunyonya. Husomwa kwa inchi za zebaki. Elementi mpya, mashine ikikazwa, itaonyesha 0 au 1. Sindano ikipanda hadi 5 mtu aanze kupanga. Ikivuka 7 asingoje kesho. Zipo geji zenye sindano ya pili inayobaki pale juu kabisa ilipofikishwa, hata baada ya mashine kuzimwa, na hiyo humwambia fundi asubuhi yaliyotokea usiku baharini. Bila geji, nahodha huijua filta yake kwa tarehe tu. Vitabu vya mashine ndogo nyingi husema ibadilishwe kila saa 250 au kila mwaka, lipi litangulie, na maji yafunguliwe kikombeni kila saa 50. Ushauri huo ni mzuri kwa mafuta mazuri. Dizeli iliyonunuliwa kwa madumu kwenye bandari ndogo haijasoma kitabu hicho.

Sasa nimrudie yule fundi wa Kilifi, maana uzuri wa kazi yake uko hapa. Nahodha amekuja na malalamiko: mashine inapoteza nguvu, inapanda na kushuka yenyewe, ikizimwa kidogo inarudi kuwa nzima. Ana haraka.

“Fundi, si ubadilishe filta tu tuondoke na maji haya?”

“Filta nitabadilisha, nahodha. Lakini kwanza niache nione imekula nini.”

Hachukui spana. Anachukua chupa ya kioo iliyokuwa ya jemu, imeoshwa na kukaushwa, anaiweka chini ya kikombe cha separeta na kulegeza kikoki cha chini polepole, kwa sababu akikifungua kwa pupa dizeli itachanganyika na maji na hataona kitu. Chupa ikifika nusu anafunga, anaiweka kwenye kivuli, anamwomba kijana wake amletee kahawa. Hapo nahodha mwenye haraka hudhani anacheleweshwa. Baada ya muda chupa imejipanga yenyewe: chini maji, juu dizeli, na kati yao mstari.

Mstari huo ndio anaoutazama kwanza. Ukiwa safi na umenyooka kama ukingo wa meza, maji ni maji tu. Ukiwa na utando mweusi au wa kahawia unaoning'inia, ujue kuna viumbe. Kuna kuvu liitwalo Hormoconis resinae, nalo na bakteria wa aina kadhaa huishi pale pale maji na dizeli yanapokutana: hupata maji chini na chakula juu. Hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35, yaani joto la tangi lolote la pwani yetu mwaka mzima. Huacha ute unaoziba karatasi na asidi inayokula chuma.

Kisha fundi huchovya kijiti, huchukua tone la maji ya chini na kuliweka kwenye kipande cha kioo juani. Likikauka bila alama, ni maji baridi: yamekuja na mafuta dukani, au ni unyevu wa hewa ulioganda kwenye kuta za tangi usiku. Likiacha unga mweupe, ni maji ya bahari, na hapo hana haja ya kuuliza dizeli ilinunuliwa wapi. Anapanda sitahani na kufungua kifuniko cha kujazia mafuta. Mara nyingi oringi yake, yaani mpira wa kuzibia, imekauka na kupasuka, na kila wimbi linalosafisha sitaha linaonjesha tangi chumvi. Vitabu husisitiza sana unyevu wa hewa na kutuambia tuliweke tangi likiwa limejaa, na si vibaya kufanya hivyo. Ila kwa yale niliyoyaona kwenye chupa za mafundi, kifuniko cha sitahani na bomba la kupumulia tangi vinaleta maji mengi zaidi kuliko hewa.

Tope nalo lina lugha yake. Rangi ya kutu imetoka kwenye pipa la chuma. Unga mweusi mkavu, laini kama masizi, ni dizeli iliyozeeka yenyewe. Vipande vyeusi vinavyovutika ni ngozi ya ndani ya mpira wa mafuta uliooza, na hapo mpira wote wa kutoka tangini ubadilishwe kabla ya filta. Kitu cheupe cha kuteleza humfanya aulize kama kuna debe au bomba la mabati popote njiani, kwa sababu zinki hula njama na asidi za dizeli na kutengeneza aina ya sabuni. Kwa hiyo madebe ya mabati, ambayo yamejaa kila bandari, hayafai kuhifadhia dizeli hata wiki moja.

Kuna jambo ambalo chupa hailioneshi na filta hailizuii, nalo ni mafuta ya taa. Yakichanganywa na dizeli hupita kwenye maikroni 2 bila kugonga hodi, kisha huinyima pampu ulaini wake. Serikali zetu zimepambana nayo kwa njia zake: Tanzania kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta kuanzia 2010, Kenya kwa kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili uchanganyaji usilipe. Kwa baharia, dawa iliyo mkononi mwake ni kununua pale anapopajua, hata kama ni mbali, na kumimina kwa faneli yenye chujio la kukataa maji, bila kumaliza kidole cha mwisho cha dumu.

Baada ya kusoma yote hayo ndipo fundi anabadilisha filta. Koki ya tangi inafungwa. Kikombe kinamwagwa chote na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa dizeli. Petroli wala thina havikaribii hapo, kwani plastiki ya kikombe hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui na siku moja ikapasuka. Elementi ya zamani anaifungua mikunjo kwa vidole na kumwonyesha nahodha, naye nahodha hunyamaza. Oringi mpya, ile kubwa ya kifuniko na ile ndogo ya mpini, huja pamoja na elementi, na kosa la haraka ni kuweka mpya juu ya ya zamani iliyogandia kwenye mfereji wake. Anapitisha ukucha mfereji wote kuhakikisha. Anazipaka oringi dizeli, anajaza separeta hadi juu, anakaza kwa mkono mtupu. Spana hapo ni matusi kwa mpira.

Filta ya pili inayofungwa kama kopo ina mtihani wake. Watu hupenda kuijaza dizeli kabla ya kuifunga ili mashine iwake upesi. Mafuta ya dumu yakimiminwa kwenye tundu la katikati yamekwisha kuruka karatasi, kwa maana huo ni upande wa kutokea; punje zake zitakwenda moja kwa moja kwenye pampu iliyogharimu fedha nyingi kuliko boti ya mvuvi jirani. Kijana wa fundi aliwahi kutaka kufanya hivyo, chupa imeshainama.

“Hapana, mwanangu. Tundu hilo ni la kutokea. Ifunge tupu, mkono utaijaza.”

Na mkono ndio unaoijaza: ile pampu ndogo ina kijiti cha kusukumia, na kijana atakisukuma mpaka kidole gumba kiume. Kutoa upepo kuna utaratibu ambao haurukwi. Skrubu iliyo juu ya filta ya pili inalegezwa, kijana anasukuma, povu linatoka, linatoka tena, kisha dizeli inakuja ikiwa na mapovu machache, kisha inakuja nzito, inang'aa, haina hata kipovu kimoja. Skrubu inafungwa mafuta yakiwa bado yanatiririka. Ikibidi, nati ya bomba la nozeli inalegezwa kidogo na starta inapigwa mpaka mafuta yaruke. Kabla ya kupiga starta mara nyingi, fundi huifunga koki ya maji ya bahari, kwani pampu ya maji huzunguka kila starta inapozunguka, na mashine isiyowaka haina nguvu ya kuyasukuma nje. Maji hujaa kwenye ekzosi, yakirudi nyuma huingia silindani, na mashine iliyokuwa na shida ya filta ya shilingi elfu chache inakufa kabisa. Mashine ikishika tu, koki hiyo hufunguliwa mara moja.

Mashine ikiwaka, ikazima tena baada ya dakika chache, huyo ni upepo unaoingia mahali. Hapa ndipo watu huzunguka siku nzima wakitafuta dizeli inayovuja na wasiione, kwa kuwa kati ya tangi na pampu ndogo mafuta hunyonywa: tundu la upande huo halitoi tone nje, linavuta hewa ndani. Tone la dizeli huonekana tu baada ya pampu, ambako mafuta yanasukumwa. Fundi hukata bomba katikati kwa fikra zake, hufunga mpira mpya kutoka dumu safi moja kwa moja hadi pampuni na kuiacha mashine ingurume. Ikienda vizuri, hewa inaingia kati ya tangi na pampu, yaani kwenye separeta au kwenye mabomba yake, na huanza na ile oringi aliyoipitishia ukucha.

Hamalizi gatini. Mashine inayonguruma gatini haijathibitisha lolote kuhusu filta, kwa kuwa tope bado limelala. Humwambia nahodha aipeleke boti nje ya hori, penye wimbi, mashine ikikazwa kwa nusu saa na zaidi, na yeye hukaa chini kwenye ngazi ya shimo la mashine, macho kwenye sindano. Ikitulia kwenye 1 au 2, tangi linavumilika. Ikianza kupanda mbele ya macho yake, filta mpya imeanza kuziba, na hakuna elementi itakayotosha: tangi litafunguliwa, lisafishwe kwa mkono, na dizeli yote ichujwe upya kabla ya kurudishwa. Kama chupa ilionyesha viumbe, dawa yake hutiwa baada ya usafi huo, maana ikitiwa kabla, mizoga yao yote huhamia kwenye karatasi kwa siku moja.

Mambo yakiwa salama, anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya kifuniko cha separeta tarehe, saa za mashine, na namba ya sindano. Halafu anahesabu elementi za akiba kabatini, zikiwa bado zimefungwa kwenye plastiki yake dhidi ya unyevu, kila moja na oringi zake. Kwa safari ya Kilifi hadi Lamu wakati wa kusi hutaka tatu za separeta na mbili za mashine, na nahodha asiyekuwa nazo humtuma dukani kabla ya kupokea ujira.